Gari la Kumleta Bibi

Mjomba wangu alipata gari na akaanza kupoteza macho ndani ya mwaka mmoja, na mpaka leo siwezi kukumbuka jambo moja bila la pili. Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita vya pili vya dunia. Mie nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimetoka Mombasa nilikokuwa nikipakia meli, na kabla ya Mombasa nilikata mkonge Tanga, na kabla ya mkonge niliacha shule darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikataa kunieleza kwa nini saa ya ukutani inagonga. Niliifungua mwenyewe ili nione. Haikugonga tena, na mimi sikurudi tena darasani.

Nilifika Temeke mchana, nikiwa na njaa na hamu ya kulala siku tatu. Nyumba ya mjomba ilikuwa ya udongo na makuti, na nyuma yake palikuwa na ua mpana wenye minazi. Nikaona miguu miwili imetokeza chini ya gari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani?"

"Mie."

"Mie nani? Hata mbuzi ana sauti."

Nikajitaja. Hakutoka. "Haya, njoo huku chini uniambie nati hii ina kona ngapi."

Nikaingia. Nati ilikuwa mbele ya pua yake, umbali usiozidi upana wa kiganja. Nilimwambia kona sita, akasema alidhani hivyo, akaendelea kuifungua. Hivyo ndivyo nilivyojua habari za macho yake. Hakuna aliyeniambia.

Lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, lile la magurudumu membamba marefu, lisilo na vioo vya pembeni, paa lake la turubai. Mjomba alikuwa ameliendesha miaka kumi na sita kwa mlowezi mmoja mwenye shamba upande wa Gongo la Mboto. Mlowezi alipoondoka alimwambia akitaka alichukue. Hakukuwa na mwingine wa kulitaka. Injini ilikuwa imekwama, mbao za sakafu zimeliwa na mchwa, na difu, yale meno yanayozungusha magurudumu ya nyuma, ilipofunguliwa ilimwaga maji mekundu ya kutu. Mjomba na wanaume sita walilivuta kwa kamba kupitia Kipawa, siku mbili, huku watu wakitoka nje kuwauliza kama ng'ombe wamekwisha mjini.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mama yake, yaani bibi yangu mzaa mama. Aliishi Rufiji, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Alikuwa anatembea kwa kujikokota kutoka kitandani mpaka mlangoni. Magari yaliyokwenda huko yalikuwa malori ya mizigo. Abiria alikanyaga tairi, akaparamia, akakaa juu ya magunia. Bibi asingeweza. Na mjomba alikuwa na neno lake naye. Zamani, bibi bado ana miguu, mjomba alipita kijijini akimwendesha mlowezi. Bibi akasimama kando ya barabara, akaugusa mlango, akaingiza mkono akaubonyeza mto wa kiti cha nyuma kama anayepima godoro. Mlowezi alikuwa na haraka. Mjomba akamwambia mama yake kwa Kindengereko, lugha ya kwao, ili bwana asielewe, kwamba ipo siku atakaa hapo, na atamleta mjini akae naye.

Sasa daktari alikuwa amemwambia macho hayo hayatafika mwaka mwingine. Barabara ya Rufiji haipitiki wakati wa masika. Kwa hiyo mjomba alikuwa na kiangazi kimoja tu: baada ya mvua, barabara ikishakauka, na kabla giza halijamfunga, aende kwa gari lile amlete mama yake akiwa bado anauona uso wake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakupanda tu lori akaenda kumwona. Mkewe aliuliza kila wiki.

"Nikifika mikono mitupu atasema nini?" mjomba alimjibu.

"Atasema mwanangu amekuja."

"Wewe humjui mama yangu."

"Namjua kuliko wewe unavyolijua hilo dude lako. Tena sikuambiwa siku ya ndoa kwamba ninaolewa uke wenza na injini." Kisha akanigeukia mimi. "Na huyu naye kaja kumpambia bibi harusi!"

Nilikusudia kulala siku tatu. Nilikaa miezi minane. Sijawahi kukaa mahali miezi minane kabla ya hapo, na ningeweza kusema ni kwa ajili ya bibi, ambaye nilipokuwa mdogo aliniita mume wangu na kunificha wake wenzake wasinione nikila ugali wao. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuona ndani ya injini. Nilikuwa nimepanda magari, nimepakia magari kwenye meli, na sikujua kwa nini yanakwenda.

Mjomba alinifundisha kwa kunituma. Tuliing'oa injini, tukaitundika kwenye boriti ya miti mitatu. Pistoni moja ilikuwa imeshikana na ukuta wake. Tuliimwagia mafuta ya taa kila siku kwa mwezi mzima, na kila asubuhi mjomba aliigonga kwa kipande cha mti, mara tatu, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Siku iliposogea, unene wa ukucha tu, alikaa chini akacheka peke yake. Difu tuliisugua kwa mchanga na majivu. Meno yake mawili yalikuwa yamevunjika, akatafuta nyingine kwa fundi mmoja wa Kihindi ambaye mjomba alimsaidia kutengeneza lori, na Mhindi huyohuyo akamlipa petroli badala ya fedha, chupa kwa chupa, maana petroli ilikuwa ya kibali na sie hatukuwa na kibali cha kitu chochote.

Kazi iliyokula muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya beringi. Kila fimbo ya pistoni hushika shafti kubwa ya injini kwa kikombe chenye risasi nyeupe ndani yake, na za gari hili zilikuwa zimeliwa zote nne. Mjomba aliyeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa, akaimimina upya katika vikombe. Baada ya hapo lazima ikwanguliwe mpaka ikae sawasawa na shafti. Kazi hii hufanywa hivi: unapaka shafti masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta, unafunga kikombe, unazungusha, unafungua. Panapoonekana peusi ndipo pamegusa, napo unapakwangua kidogo. Unarudia. Unarudia mara hamsini, mara mia, mpaka weusi unaenea kikombe kizima kama kivuli.

Mjomba hakuuona weusi. Kwa hiyo mimi niliona, yeye akakwangua.

"Wapi?"

"Kushoto, juu. Kama punje ya mtama."

Anapapasa kwa ncha ya kidole cha shahada, anaweka kisu, anakwangua mara moja. "Sasa?"

"Imepungua. Iko kama chawa."

"Chawa wa kichwa au wa nguo?"

"Wa nguo, mjomba."

"Mkubwa huyo. Tumwondoe."

Tulifanya hivyo wiki saba. Jirani mmoja mwalimu, mtu wa bara, alikuwa akipita jioni akitoka kazini na kutuchungulia juu ya ua. "Litatembea lini, mzee?" "Likitaka." Mke wa mjomba alituletea chai, akasema amewahi kuona watu wakitafutana chawa, lakini si kwenye chuma. Mjomba hakukasirika. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi, na mimi sikumbuki kumwona na furaha kama siku zile, ijapokuwa kila wiki alisogeza vitu karibu zaidi na uso, na mwisho akaacha kuvisogeza kabisa. Kama nilimwambia bado, alikwangua. Kama nilimwambia tayari, aliweka kisu chini. Hakuwahi kuniuliza kama nina hakika.

Mvua zikaja, zikapita. Injini ikarudi mahali pake. Kilichobaki ni oili.

Oili ya magari ilikuwa ya jeshi na ya wenye mashamba. Tulizunguka mjini siku kumi, tukapata nusu chupa, nyeusi, iliyokwisha tumika. Mimi ndiye niliyesema kuhusu mafuta ya mimea. Kule Mombasa mpiga makaa mmoja wa meli aliniambia kwamba kwenye vita vya kwanza waliendesha injini kwa mafuta ya nyonyo. Nyonyo hatukupata. Lakini mke wa mjomba alikamua mafuta ya nazi ya kuuza, na nyumbani yalikuwapo madebe mawili.

Mjomba alifikiri siku nzima. Alichovya vidole, akavisuguanisha, akanusa. "Ni mepesi," akasema, "lakini yanateleza. Kwenda na kurudi yatafika. Tukirudi tutayamwaga."

"Muniachie basi ya kukaangia," mkewe akasema. "Gari lile chapati, mie nile oili?"

Tuliyamimina. Mchana ule, jua kali, nilizungusha hendeli mara sita na injini ikawaka. Ilinguruma ua mzima, kuku wakakimbilia kwa jirani, na moshi wake ulinukia vitumbua. Watoto wa mtaa walikuja kunusa. Mjomba aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza beringi moja moja, kuanzia nyuma mpaka mbele. "Zimelala," akasema. Tuliliendesha mpaka mwisho wa njia na kurudi, mara tatu, siku tatu, kila siku alasiri. Nilikuwa nashika usukani mimi, yeye akiwa kando, kwa maana hiyo nayo alikuwa amenifundisha.

Tuliondoka asubuhi, alfajiri imeshapita lakini jua bado. Ilikuwa kipupwe, na baridi ya asubuhi ile naikumbuka, kwa sababu mke wa mjomba alikuwa amechutama jikoni na kichupa cha mafuta yake ya nywele, amekisogeza kando ya moto. Yalikuwa yameganda, meupe, kama kila mwaka yanavyoganda wakati huo. Kila mtu wa pwani anajua hilo tangu hajaota meno. Nilimwona akikigeuzageuza kichupa mpaka yakayeyuka, nikamsalimia, nikapita. Kwetu sie wawili injini ilikuwa mahali pa moto. Hatukuwahi kuifikiria ikiwa baridi. Na yule aliyejua kuliko wote tabia ya mafuta yale hatukumwuliza, kwa sababu hakuwa fundi.

Ubavuni mwa injini palikuwa na bilula mbili ndogo za kupimia oili. Unafungua ya juu. Mafuta yakidondoka, yanatosha.

"Pima oili," mjomba akasema. Alikuwa amekwisha kukaa, amevaa kanzu safi na koti, kofia mpya kichwani. Kiti cha nyuma kilikuwa kimetandikwa khanga mbili za kumkalisha bibi.

Nikalala chini, nikafungua bilula. Hakikutoka kitu. Nikafungua ya chini. Hakikutoka kitu. Nikachokoa kwa waya, na kwenye ncha ya waya kikaja kijipande cheupe kama nta.

"Yanatoka?" mjomba akauliza.

Nimekwisha kujiuliza mara nyingi nilikuwa nafikiri nini. Nadhani nilifikiri ni uchafu umeziba bilula. Nilijua kwamba jana mafuta yalikuwa yamejaa, na hayakuvuja. Nilijua kwamba nikisema hayatoki tutafungua tena, na siku itapotea, na majirani walikuwa wamesimama nje wanatungoja tupite. Nami nilitaka kwenda. Nimekuwa mtu wa kutaka kwenda maisha yangu yote.

"Yanatoka," nikasema.

Iliwaka kwa shida. Tukapita majirani wakipiga vigelegele, tukashika barabara ya Kilwa. Ndani ya injini ile kulikuwa na mrija mwembamba uliopeleka mafuta mbele, kwenye beringi ya kwanza. Nyuma, kulikokuwa na gurudumu zito linalorusha mafuta, yaliyeyuka upesi. Kwenye mrija hayakuyeyuka. Haya niliyajua baadaye, nilipoifungua peke yangu. Wakati ule nilijua tu kwamba tunakwenda, na mjomba anaimba kwa pua. Mbagala tulipita vizuri. Baada ya hapo barabara inapanda, mchanga mzito, na gari likainua pua, na mafuta yote yakakimbilia nyuma.

Mjomba aliacha kuimba. Mimi nilikuwa sijasikia kitu bado.

"Zima," akasema.

"Tuko katikati ya mlima, mjomba."

"Zima, zima! Ya kwanza hiyo!"

Kabla sijafanya lolote ikagonga, kama mtu anayepiga nyundo ndani ya sanduku, mara nne au tano, kisha fimbo ikakatika na kutoboa ubavu wa injini. Mafuta yalimwagika mchangani. Sasa yalikuwa meupe na ya moto kwa pamoja, mengine yanatiririka, mengine yamebaki madongemadonge. Mjomba hakuyaona. Alishuka, akapapasa mpaka akalifikia tundu, akaingiza vidole viwili.

Kisha akauliza bila kunigeukia, "Asubuhi, oili ilitoka vizuri?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Naikumbuka vizuri kuliko ile ya kwanza, maana ya kwanza ilikuwa haraka na hii haikuwa haraka hata kidogo. Barabara ilikuwa tupu.

"Ilitoka, mjomba."

Akatikisa kichwa polepole. Akauangalia mkono wake wa kulia, au akafanya kama anauangalia. "Basi ni mimi," akasema. "Ile ya kwanza niliikwangua vibaya. Nilidhani kidole hakikosei."

Tulivutwa kurudi Temeke na ng'ombe. Safari hii walikuwapo, na hakuna aliyetania. Mjomba alikunja vifaa vyake kwenye gunia, akaliweka darini, na hakuliteremsha tena. Watu walimletea taa za karabai na cherehani, vitu alivyoweza kuvitengeneza amefumba macho, akasema yeye si fundi tena, wampelekee mwingine. Mkewe alimwambia apande lori sasa, angali anaona hata kivuli. Alisema kesho. Alisema wiki ijayo. Mwisho hakuweza kutofautisha mlango na mtu aliyesimama mlangoni, na hakuna aliyemtajia lori tena.

Bibi alifariki kabla ya vuli. Habari tuliletewa na mchuuzi wa mikeka, siku tatu baada ya mazishi. Tulikwenda matangani, mjomba na mimi, kwa lori. Kule wanawake walitueleza kwamba bibi alikuwa na kifurushi kimefungwa tangu kipupwe, nguo zake zote, kwa sababu mtu fulani alimpelekea habari kwamba mwanawe yuko njiani na gari. Alimkataza kila mtu kukifungua. Ilipomlazimu kubadili nguo aliazima za jirani. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kifurushi kiko wapi, akapewa, akakiweka mapajani, akakaa nacho siku zote tulizokuwa kule.

Tulipokuwa tunarudi, lori lilisimama Kibiti dereva anywe chai. Aliiacha injini ikiwaka. Mjomba alisimama ameegemea boneti, ameinamisha kichwa.

"Dereva," akaita, "beringi yako ya mbele imelegea."

"Lo! Mzee, lori lenyewe huoni, utaona beringi?" Watu wakacheka, si kwa ubaya.

"Naisikia." Kisha akashusha sauti, akabaki kusema na mimi tu. "Au si kitu. Mie kwa beringi si wa kuaminiwa."

Nikamwambia hapohapo. Nilimwambia bilula ya juu na bilula ya chini, nikamwambia waya. Nilimwambia nilivyoufungua mrija baadaye nikaukuta umeziba, na zile beringi tatu za nyuma nilivyozikuta laini, hazina hata mkwaruzo. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetapika.

"Hayakutoka kabisa?"

"Kabisa, mjomba. Kilitoka kitu cheupe."

"Cheupe." Akapapasa ukingo wa boneti. "Ungesema, tungelisukuma juani."

Nikasema ndiyo, tungelisukuma.

"Saa moja tu ya jua," akasema.

Dereva akaita abiria.

Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza, wala hakumwambia mkewe, wala hakunirudia maneno yale hata siku moja. Aliendelea kuniuliza mambo kama alivyozoea: nani anayepita pale njiani, mawingu yamekaaje, kikombe kimejaa mpaka wapi. Nami nilimjibu kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa kitu kingine chochote. Alisikiliza jibu langu, akasema ahsante. Kisha alimwita mkewe kutoka jikoni na kumwuliza swali lilelile.

Nilivumilia mwezi mzima, halafu nikaenda Lindi.